Barua niko nayo mimi, naweza kuichapisha?

SWALI: Wakili, mimi nafundisha kwaya hapa Kayole. Tuko na konsati karibuni na nataka kuweka vitu viwili kwa programu. Cha kwanza ni ukurasa wa barua ya Richard Wagner, yule mtunzi wa opera Mjerumani, kwa rafiki yake aliyekuwa jela, nimeupiga picha kutoka kitabu cha Kiingereza. Cha pili ni barua ya mtunzi wetu aliyefariki 1998, alimwandikia mjomba wangu akilalamika vile siasa imeingia kanisani na vile watu wanapokonywa mashamba. Mjomba aliniachia hiyo barua, kwa hivyo ni yangu. Kuna shida?

JIBU: Mwalimu, shida iko, na ni kwa hiyo "ni yangu". Lakini wacha nimalizane na Mjerumani kwanza.

Nadhani unasema ile ndefu ya Januari 1854, aliyomwandikia August Röckel. Hao wawili walifanya kazi ya muziki pamoja Dresden, wakaingia pamoja kwa yale machafuko ya Mei 1849 ya kumpinga mfalme wa huko, Wagner akatorokea Uswisi na waranti nyuma yake, mwenzake akashikwa, akahukumiwa kifo halafu ikageuzwa kuwa maisha, akatoka 1862. Sasa mwenzako yuko ndani kwa mambo mliyofanya pamoja na wewe unamjazia kurasa ukimweleza vile mungu Wotan kwa opera yako anafaa kukubali mwisho wake! Anyway, hayo ni yangu, hukuniuliza.

Kisheria: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataja barua kabisa kati ya maandishi yanayolindwa, na ulinzi ni maisha ya mwandishi na miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliokufa. Wagner alikufa 1883 kwa hivyo ukihesabu, yake iliisha mwisho wa 1933. Kijerumani chake chukua bure. Kiingereza cha hicho kitabu ndio kesi nyingine, maana mtafsiri naye ana haki yake, na kama ni ile tafsiri ya Spencer na Millington ya 1987 basi hiyo bado inalindwa. Kunukuu mistari michache ukiijadili na kutaja watafsiri ni sawa, ukurasa mzima hapana. Na usifikirie utakwepa kwa kugeuza hicho Kiingereza kuwa Kiswahili, hiyo pia inataka ruhusa yao. Tafuta mtu anajua Kijerumani akutafsirie kutoka maneno ya Wagner mwenyewe, barua kwa Röckel zilitoka kama kitabu Leipzig 1894.

Sasa ya mtunzi wenu. Yako ni karatasi. Unaweza kuiweka kwa fremu, kuiuza, hata kumnyima mtu asiione. Lakini maneno yalibaki ya aliyeandika, mjomba hakuwahi kuyamiliki kwa hivyo hangeweza kukuachia, na mtunzi alipofariki yaliingia kwa mirathi yake kama vile gari lake lingeingia. Hesabu ni ile ile, 1998 na 50, mpaka mwisho wa 2048 huchapishi bila familia yake. Na ukisema familia, usiende kwa yule kijana mmoja mnaimba naye akuambie "sawa tu". Uliza nani ana hati ya kusimamia mirathi, huyo ndiye anasaini, na mpate kwa maandishi: barua gani, sehemu gani, programu ngapi, na kama mtaiweka Facebook (mtaiweka, nawajua watu wa kwaya).

Kitu kingine, umesema analalamika kuhusu mashamba. Amewataja watu kwa majina? Kama kuna mzee ameitwa mwizi wa shamba na bado yuko hai, ukichapisha ni wewe utashtakiwa, hutasema ni marehemu alisema. Hapo hata saini ya familia haikusaidii, hiyo sehemu iache nje.

Familia ikikataa, bado unaweza kueleza kwa maneno yako mwenyewe alikuwa na msimamo gani, fikra hazina hakimiliki. Na usiipeleke hiyo barua ikapigwe laminesheni huko tao, joto na ile plastiki zitaiharibu na haitolewi tena. Piga skani, uiweke kwa bahasha kavu bila seloteip.