Mbona bawa likarefuka, mguu ukabaki?

SWALI: Mhariri, jioni popo hujaa kwenye mwembe wetu hapa Tudor. Vidole vya mabawa yao ni virefu mno, vya miguu vifupi. Mbona mageuzi hayakuvirefusha vyote? Mwanafunzi, Mombasa.

JIBU: Kwa sababu mkono na mguu, ingawa huchipuka ikifanana kwenye kiinitete, haiongozwi na jeni zilezile zote. Jeni iitwayo Tbx5 hufanya kazi mkononi, na nyingine, Tbx4, mguuni. Uteuzi wa asili uliutumia mwanya huo: mkono ukawa bawa, mguu ukabaki ndoano ya kuning'inia. Tazama bawa lenyewe kwa karibu, ndipo utamu ulipo. Vidole vya 3, 4 na 5 vimerefuka pamoja, kwani ndivyo vinavyotandaza utando. Dole gumba limebaki fupi, na ukucha wake wa kukwea.

Ukitaka kuona mwenyewe kama mkono na mguu hubadilika kila kimoja kivyake, na ukipata mifupa ya makumbusho, pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi) mfupa wa mkono wa juu na wa paja, kila mmoja mara mbili. Chagua popo wazima wa spishi moja. Ukichanganya na watoto, tofauti za ukubwa zitafanya viungo vyote vionekane vinakwenda sambamba, hata visivyofungamana.