Kuhusu kazi ya kuchunguza maiti, na ile rangi ya zambarau mgongoni mwa maiti

Mkuu umeuliza kama hii kazi inatisha na kama ni kweli daktari anaangalia maiti tu anataja saa ya kifo. Niko kwenye patholojia ya mahakama, yaani kupasua maiti kutafuta kilichoua, mwaka wa 14 sasa. Saa hakuna anayeitaja. Mwili unaanza kukakamaa baada ya kama saa 2 hadi 4, utauona kwanza kwenye kope na taya, saa 12 hivi wote umekaza, halafu baadae unalegea tena, ila joto linaharakisha, baridi inachelewesha, aliyekuwa anakimbia au kupigana kabla ya kufa anakakamaa mapema, kwa hiyo natoa muda mpana na basi. Wapelelezi hawalipendi hilo jibu lakini siwezi kumfungisha mtu kwa saa ya kukisia.

Maiti haitishi, unazoea, hata harufu. Kinachonichosha ni ndugu wakija na majibu yao tayari. Kuna mzee alikutwa amekufa kitandani, mgongo wote zambarau, wanae wakaapa kapigwa na mtu wanamtaja kabisa. Sasa moyo ukisimama damu inatuama upande wa chini, ndo hiyo rangi, na baada ya saa 8 hadi 12 hivi haihami tena hata umgeuze. Pale mabega na makalio yalipolalia palikuwa peupe, maana palipogandamizwa damu haiingii. Sikuishia hapo, nikachana ngozi sehemu kadhaa nikamwagia maji, damu ikatoka yote. Angekuwa kapigwa ingekuwa imevilia kwenye nyama, unaosha weee haitoki. Kufungua kifua, mshipa unaolisha moyo umezibwa na donge la damu. Nilikaa na yule mtoto mkubwa zaidi ya lisaa nikimchorea moyo kwenye karatasi, akalia sana, ila lile jina hakulitaja tena.

Na kinyume chake kipo, tena ndo kibaya zaidi. Ngozi safi kabisa, haina hata mchubuko, ukifungua ini limepasuka na tumbo limejaa damu, hasa kwa watoto kwa sababu tumbo lao ni laini, linabonyea bila kuacha alama. Ndo maana mtu akiniambia daktari angalia nje tu inatosha, huwa nakataa.

Halafu jamani nguo! Maiti inaletwa imeshaoshwa, nguo zimetupwa. Kwenye jeraha la risasi masizi ya baruti yanaweza kuishia kwenye shati yasifike ngozini, na hayo ndo yananionyesha bunduki ilikuwa karibu au mbali. Shati likipotea na umbali umepotea, na kortini wakili ataniuliza hilohilo.

Siku yenyewe, kupasua ni masaa mawili hivi, kinachobaki ni kupima, kuandika, kusubiri maabara wiki na wiki. Kila kiungo kinapanda mzani, moyo wa mtu mzima ni kama gramu 300, nikikuta 500 nawaza presha kwanza. Damu ya kupima sumu nachukua kwenye mshipa wa paja sio moyoni, maana mtu akishakufa dawa zinavuja kutoka kwenye ini na mapafu zinaingia kwenye damu ya moyoni, unapata kiwango kikubwa cha uongo.

Na kuna faili nyingine unaandika sababu haikubainika na inauma. Ninayo ya binti mmoja, alilala mzima hakuamka, viungo vyote vizuri, sumu hakuna. Kuna magonjwa ya kurithi yanavuruga mapigo ya moyo na moyo wenyewe ukiushika hauna kasoro, kwa hiyo damu yake kidogo nimeitunza kwenye friza na nyingine nimeituma ipimwe vinasaba. Ana wadogo zake wawili, nimemwambia mama yao awapeleke wapimwe moyo sasa hivi, wasisubiri hayo majibu.