Bima ya kibinafsi haikuondolei wajibu wa kuchangia SHA
Je, ukiwa na bima ya kibinafsi unaweza kuacha kuchangia SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya umma nchini Kenya? Hapana, huwezi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inambana kila mkaazi wa Kenya: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na pesa hiyo haipotei. Nashughulikia bili za wanaolazwa hapa Nairobi. Kwanza tunaondoa kwenye bili sehemu inayolipwa na SHA, kisha bima ya kibinafsi inalipa salio, hivyo kikomo cha mwaka cha bima yako hakiishi mapema. Ukiwa na malimbikizo ya michango ya SHA, sehemu hiyo ya SHA inaweza kukuangukia wewe. Ila uliza kabla ya kulazwa kama hospitali ina mkataba na SHA, tafadhali.