Picha za Angani: Kipi Kimepigwa, Kipi Kimechorwa?

SWALI: Assalamu aleikum, Mwalimu. Wanangu hupenda kutazama vipindi vya makala kuhusu nyota, sayari na milima ya moto. Juzi tulionyeshwa nguzo za vumbi angani zenye rangi ya kijani na dhahabu, nyota ikapasuka kwa kishindo, kisha bara la Afrika likakatika vipande viwili mbele ya macho yetu. Kaka yao mkubwa anashikilia kwamba yote hayo ni michoro ya kompyuta. Je, ni kweli?
Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Waaleikumu ssalaam, mama. Si yote. Vipindi hivi huchanganya picha zilizopigwa, picha zilizotiwa rangi baadaye na michoro mitupu, na mara nyingi mtazamaji haambiwi ipi ni ipi.

Nguzo mlizoziona yamkini ni zile za Nebula ya Tai, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, zilizopigwa picha na darubini ya Hubble mwaka 1995, nazo ziko umbali wa miaka nuru 6,500 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Umbo lake ni la kweli. Rangi ndiyo iliyopangwa: darubini ilichukua picha zisizo na rangi kupitia vichujio, kila kimoja kikipitisha mwanga wa gesi yake, kisha wataalamu wakaipa salfa nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu. Mwanga huo wa haidrojeni kwa hakika ni mwekundu, ila ungeachwa hivyo usingetofautishwa kwa urahisi na ule wa salfa. Mimi siuiti huo udanganyifu, lakini kipindi kinachoficha jambo hili kimemnyima mtazamaji sehemu tamu ya somo.

Michoro nayo isidharauliwe, na ushahidi mnao huko huko kwenu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Mahali hapo panafaa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea kasi roketi inayoelekea mashariki. Setilaiti hiyo haikuwa na kamera ya kupiga picha tunazozijua. Ilikuwa na vyombo vya kuhesabu eksirei zitokazo angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie ardhini, na kutokana na hesabu hizo wanasayansi waliorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilionekana kubadilika kwa kasi ya ajabu, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kukitoroka, linaloivuta gesi ya nyota iliyo jirani yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo mchoro wa shimo jeusi likimeza gesi umetokana na vipimo, na baadhi ya vipimo hivyo vilianzia bahari yenu. (Laiti mtayarishaji mmoja wa hapa nchini angeitengenezea habari hii kipindi chake!)

Kishindo cha nyota ni cha studio, kwa kuwa angani hakuna hewa ya kuufikisha mlio masikioni.

Ama kuhusu bara kukatika, ardhi inatanuka kweli katika Bonde la Ufa, lakini kwa milimita chache tu kila mwaka, na kipindi kimeikunja mamilioni ya miaka ndani ya sekunde kumi. Waambie wanao kwamba Malindi imo katika bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, pamoja na nchi yote iliyo mashariki ya Bonde, hivyo ufa huo uko mamia ya kilomita kutoka mlangoni kwenu.