Mpeni ufunguo, mrudi kesho

Mliuliza wiki hii: mtu anayelala nje, mgonjwa, mlevi, ndugu wamemchoka, tuanze kwa kumtibu au kwa kumpa nyumba? Najua wengi watajibu atibiwe kwanza, atulie, ndipo atafutiwe chumba. Mimi ni komisionere hapa Lubumbashi, kutafutia watu nyumba ndiyo kazi yangu, na nasema chumba kwanza. Msidhani nafuata komisheni. Kwa mpangaji wa namna hiyo komisheni hakuna.

Kuna mzee mmoja wa Katuba, mtaa wetu, tunamwita Fundi, zamani alitengeneza redio. Ana kifafa. Vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vimeshikana, maana siku moja kilimwangusha juu ya mbabula, jiko la makala, likiwa linawaka. Dada yake alikaa naye mwaka mzima, majirani wakaanza maneno: povu la kifafa linaambukiza, watoto wasimkaribie. (Haliambukizi, lakini nenda wewe ukawaambie.) Akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akafungwa mnyororo mguuni, akatoroka. Na hayo katika mji wenye kituo cha magonjwa ya akili kilichopewa jina la Joseph Guislain, daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyetetea wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Tangu hapo Fundi akalala barazani mwa duka, lutuku, pombe kali ya kienyeji, ikawa blanketi. Anayejua baridi ya usiku wa hapa mwezi wa sita na wa saba hatamcheka.

Na alitibiwa! Alipewa fenobabitali, kidonge kila jioni. Akavifunga vidonge kwenye kimfuko cha plastiki, akavificha ndani ya soksi. Mara ya kwanza mvua ikaviyeyusha. Mara ya pili soksi ikaibwa pamoja na vilivyomo. Dawa hiyo ukiikatiza ghafla, kifafa kinarudi kwa nguvu. Alianguka mara tatu siku moja, watu wakasema hata dawa ya hospitali imemshindwa. Dawa ilikosa pa kukaa, basi.

Wazo la chumba kwanza sikulibuni mimi. New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa nyumba watu wa barabarani wenye maradhi ya akili bila kuwadai waache pombe kwanza. Kanada wakalipima kati ya 2009 na 2013, miji mitano, watu wapatao 2,000. Katika miezi sita ya mwisho, waliopewa nyumba na watu wa kuwatembelea, asilimia 62 walikuwa na makazi muda wote. Walioachiwa huduma za kawaida, asilimia 31. Mtasema hizo ni nchi tajiri. Ni kweli. Ila kilichonishika mimi ni jambo ambalo halihitaji utajiri: chumba ni jambo moja, tiba ni jambo jingine. Akikataa dawa leo, hafukuzwi kwa hilo. Wazee wetu walizoea kinyume chake. Enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, nyumba ya kambi, mposho (chakula cha mgao) na hospitali vyote vilifungwa kwenye kamba moja, kazi. Kamba ikikatika, kila kitu chini.

Hapa kwetu kikwazo cha kwanza ni garanti, dhamana ya kodi ya miezi kadhaa anayowekewa mwenye nyumba kabla ya kuingia. Sheria ya Kongo ya 2015 inasema nyumba ya kuishi isidaiwe zaidi ya miezi mitatu. Mimi nimeona sita ikidaiwa mchana kweupe, na mpangaji analipa. Kwa Fundi tulichanga watu wachache wa parokia, nikaenda kwa mama mmoja mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba, na chumba kitupu nyuma. Sikumficha kitu.

"Komisionere, unataka aniunguzie nyumba?"

Swali la haki kabisa. Tukapatana: mbabula haiingii chumbani, bukari (ugali) yake itatoka kwenye sufuria ya mama na tutailipia. Godoro chini, bila kitanda. Seremala akang'oa komeo la ndani, akageuza bawaba ili mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake unauzuia na hamwezi kumfikia. Mwuguzi mstaafu wa mtaa wetu anapita mara mbili kwa wiki kuhesabu vidonge. Shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu, tulimwarifu mapema, asije kusikia kwa majirani.

Majuma mawili ya kwanza Fundi alilala nje ya mlango wake, ufunguo shingoni. Mimi nilikasirika, nikaona tumetupa pesa. Mwuguzi akaniambia, "Mwache, papa, anaangalia kama tutaudai." Juma la tatu akaingia.

Lutuku hajaacha. Anakunywa kidogo kuliko zamani, siku nyingine si kidogo. Mwezi uliopita alianguka usiku. Mama akasikia kishindo, akavuta mlango, akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka akazinduka. Asubuhi alinipigia simu. Nilidhani anataka tumtoe. Alikuwa anauliza kodi: mchango wa mwezi huu umepungua robo. Nimemwomba asubiri hadi Jumapili, baada ya misa.

Msomaji, Katuba, Lubumbashi