Bondia wa kulipwa kurudi timu ya taifa

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe uliyezoea mapambano ya kulipwa ya raundi nane utawamudu vijana wa ridhaa ukijaribu kufuzu Olimpiki. Mlango kwa mabondia wa kulipwa ulifunguliwa 2016, kabla ya michezo ya Rio, ila usiende ukidhani ni mteremko.

Hassan N'Dam wa Cameroon alikwenda Rio akiwa ameshawahi kushika mkanda wa dunia. Pambano la kwanza tu, Mbrazili akamtoa. Amnat Ruenroeng wa Thailand, naye bingwa wa zamani wa dunia, alishinda moja, la pili akakwama mbele ya Mfaransa Sofiane Oumiha.

Shida ni raundi za Olimpiki: tatu tu, dakika tatu kila moja. Wewe umezoea kumsoma mpinzani raundi mbili za mwanzo, kisha unamshukia mwilini taratibu. Huku, ukimaliza kumsoma, majaji wameshampa raundi hizo na kengele ya mwisho inakaribia. Halafu kuna mizani, na hapa ndipo wengi wenu mnapoumbuka: kwenye kulipwa unapima leo, unapigana kesho ukiwa umekula na kunywa ukarudisha kilo. Kwenye mashindano ya ridhaa unapima asubuhi ya kila siku unayopigana, na siku hizo zinaweza kuwa nne au tano ndani ya wiki mbili.

Kwa hiyo kajipime mazoezini na vijana wa ridhaa, raundi tatu za kasi, bila huruma. Mkataba wako na promota uusome kwanza, kisha uliza shirikisho kanuni za sasa zinasemaje.