Kizingiti cha sentimita 30 si kazi ya zege

SWALI: Natembeza wageni kwenye magofu ya pwani. Mlango wa gofu moja uko juu ya ardhi kwa sentimita 30, na mgeni wa kiti mwendo anaishia nje. Fundi anashauri tumwage rampu ya zege ya mita moja na nusu. Tununue mifuko mingapi ya saruji?

JIBU: Hata mmoja usinunue.

Rampu inahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kwa hiyo yako ni mita 3.6. Ya mita moja na nusu ni kali mno: mtu hataipanda peke yake, na kiti kinaweza kumpindua chali.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba saruji "inaimarisha" gofu. Kuta hizi, za Kilwa Kisiwani hadi Gede, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiziba mguu wa ukuta kwa zege, unyevu hupanda juu zaidi, maji hukauka usoni mwa jiwe, chumvi inabaki na kuganda ndani ya vitundu, na jiwe linamung'unyuka. Zege linabaki zima. Ukilibomoa linaondoka na vipande vya ukuta.

Tengeneza rampu ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, inayoondoleka. Usichimbe hata shimo la nguzo: tandika jiotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji na kutenganisha mchanga na ardhi), mchanga safi sentimita 5, kisha vitako bapa vya kubeba fremu. Acha sentimita 10 kati ya fremu na ukuta; mlangoni, mbao za juu tu ndizo zivuke pengo hilo. Upana sentimita 120, mbao zikipita kukingama na mwendo, mianya isizidi sentimita 1, kingo za sentimita 7, bolti za chuma kisichoshika kutu. Juu na chini weka jukwaa la sentimita 150 kwa 150. Sakafu ya ndani ikiwa chini ya kizingiti, unahitaji rampu ya pili, jambo ambalo mafundi husahau. Upana wa mlango ukiwa chini ya sentimita 80, usiutanue. Tafuta upenyo mwingine. Na kibali cha idara ya serikali ya Mambo ya Kale kitangulie.

Jihadharini pia na anayewauzia "chokaa iliyoongezwa saruji kidogo" ya kuziba nyufa. Saruji hiyo kidogo inatosha kuleta chumvi na ugumu uleule, na ukuta ulioharibika hivyo hufungiwa watu wote, wa kiti mwendo na wa miguu.